Ardhi ya Kailo Haina Baridi ya Kukumbuka



Leo naomba tuichambue ile video. Mnaijua. Ilitoka kwa ndugu yetu aliyeko Montréal, ikaingia kwenye kundi letu la WhatsApp, na ndani ya siku tatu kila mtu wa Kindu mwenye mega alikuwa amekwisha kuiona. Wa Kailo nao wameiona kwenye simu za wale wanaopanda na kushuka barabara. Inaeleza namna ya kupasha joto na kupoza nyumba au duka kwa kutumia ardhi iliyo chini ya miguu yetu, eti bila makala, bila mazutu, bila moshi, na neno tamu kuliko yote: bule. Tangu hapo, kila kamati ikikaa, mtu anauliza: ile sali ya kusomea tunayotaka kujenga Kailo, kwa nini tusiiwekee hiyo mitambo? Na mmoja wetu amekwisha kuandika mstari ndani ya dosie ya mradi: "Jengo litapozwa kwa jotoardhi."

Dosie bado haijaenda kwa wafadhili, njo maana naandika leo na si mwezi ujao. Mstari mmoja kama huo unaweza kuonekana kitu kidogo, lakini bajeti hufuata mistari. Makuta yatakayoingia kwenye mabomba ya chini ya ardhi hayatakuwepo tena kwa vitabu, kwa meza wala kwa plafo.

Kwanza nitoe haki. Kama kazi ya kufundisha, video ile imetengenezwa vizuri. Michoro ni safi, mshale mwekundu unaonyesha joto linakwenda wapi, mshale wa buluu unaonyesha baridi. Sauti ya anayesimulia haina haraka. Yule mama mzee anayekunywa chai dirishani huku theluji ikianguka nje, miguu peku kwenye karo zenye joto, ni picha inayobaki kichwani. Wengi wetu tumesomeshwa fizikia miaka mizima bila kuonyeshwa mchoro wa wazi namna ile. Na jambo kubwa inalolisema ni kweli kabisa, ila ni kweli huko ilikotengenezwa.

Tulieleze basi hilo jambo, kwa sababu ubishi wote uko humo. Ukichimba shimo, juu kabisa udongo unafuata jua: mchana moto, usiku baridi. Ukishuka mita moja hivi, mchana na usiku havijulikani tena. Ukishuka mita kumi au kumi na tano, hata majira ya mwaka hayajulikani; joto linakaa palepale Januari mpaka Desemba. Linakaa wapi? Karibu na wastani wa joto la hewa la mwaka mzima mahali pale. Ardhi ni kama mtu mzee asiyeshtuka: ukimletea habari ya leo anakujibu kwa habari za mwaka mzima.

Sasa chukua Montréal. Wastani wa mwaka ni kama nyuzi 7. Januari usiku hushuka chini ya sifuri, nyuzi 10 na zaidi. Julai mchana hufika 30. Chini ya nyumba ya ndugu yetu udongo unakaa kwenye nyuzi 9 au 10, basi. Wakati wa baridi kali, udongo wa nyuzi 10 ni moto ukilinganisha na hewa ya nje. Wakati wa joto, udongo uleule ni baridi tamu. Mabomba yenye maji yanazunguka chini na kurudi, na kati yake na nyumba kuna mashine inayoitwa pampu ya joto. Msiogope jina. Ni frigo tu. Frigo inatoa joto ndani ya boksi na kulitupa nyuma, pale kwenye zile waya nyeusi zinazounguza mkono. Pampu ya joto inafanya kazi hiyohiyo, ila boksi lake ni ardhi: Januari inatoa joto ardhini na kulitupa ndani ya nyumba, Julai inageuza mwelekeo. Kwa kipimo kimoja cha umeme inahamisha vipimo vitatu au vinne vya joto. Ndiyo maana watu wa Sweden na Uswisi wameziweka kwa wingi, na hawakukosea.

Uzuri wote huo unasimama juu ya kitu kimoja ambacho video haikitaji hata mara moja, kwa sababu kwa waliotengeneza kinaonekana wazi kama hewa: tofauti ya majira. Ardhi yao inapoza wakati wa joto kwa sababu inakumbuka baridi iliyopita. Kumbukumbu hiyo ndiyo mtaji. Bila baridi iliyopita, hakuna kitu cha kurudisha.

Tuje Kailo. Tuko chini kidogo ya ikweta, mita mia nne na kitu au mia tano juu ya bahari, msitu na mito pande zote. Wastani wa joto la mwaka katika eneo la Kindu na Kailo ni karibu nyuzi 25. Mwezi wa joto zaidi na mwezi wa joto kidogo vinapishana kwa nyuzi moja au mbili tu. Mchana ni 30 au 31, usiku 20 au 21, mvua inanyesha, kesho ni vilevile. Basi udongo wetu, ukishuka mita kumi, unakaa wapi? Kwenye nyuzi 25 au 26. Ukiendelea kushuka ndiyo unaharibu zaidi, kwa sababu kwenye ardhi ya kawaida joto linaongezeka kama nyuzi 25 mpaka 30 kwa kila kilomita moja: shimo la mita 100, lile linalochorwa kwenye video likishuka kama sindano ndefu, mwisho wake lingetukuta na nyuzi 28 hivi. Ardhi ya Kailo haina baridi ya kukumbuka. Haijawahi kuiona.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu limekwisha kuja kwenye kundi: "Lakini maji ya kisima ni baridi! Kila mtu anajua." Ni baridi kwa mkono wako, ndugu yangu. Ngozi yako iko kwenye nyuzi 33 hivi, kwa hiyo maji ya 25 lazima yakusisimue, hasa ukitoka juani. Weka kipimajoto ndani ya ndoo badala ya mkono. Wengine wameleta habari ya mtungi, kwamba bibi zetu walipoza maji kwa udongo. Mtungi hupoza kwa sababu maji yanatoka kidogokidogo kwenye vitundu vyake na kukauka nje, na kukauka huko kunachukua joto. Ni kazi ya hewa. Na kwenye hewa yenye unyevu kama yetu mtungi haufiki mbali. Nenda nchi kavu ndiyo utaona mtungi unavyofanya maajabu. (Mimi bado napenda maji ya mtungi. Hayo ni mambo ya ladha, hayaingii kwenye dosie.)

Tena unyevu wenyewe ni hoja. Kinachotuchosha Kailo saa tisa mchana si nyuzi 30 peke yake, ni jasho lisilokauka. Bomba la hewa lililofukiwa kwenye udongo wa nyuzi 25 litakuletea hewa ya nyuzi 27 au 28 iliyolowa kama ilivyoingia, na ndani ya bomba lenyewe, gizani, ukungu utafanya makao yake. Sali ya kusomea yenye harufu ya ukungu na vitabu juu yake. Nani atakuja kusafisha bomba la mita arobaini chini ya ardhi?

Wenzetu wawili waliosoma elektrisite wamenijibu vizuri zaidi: tuachane na bomba la hewa, tuweke klimatizeri ya kweli, lakini badala ya kutupa joto lake kwenye hewa ya nje yenye nyuzi 31, ilitupe ardhini kwenye 26. Hapo nakubali, kuna faida. Mashine itapumzika kidogo na kula umeme pungufu. Lakini angalieni mbele. Montréal ardhi inapokea joto Julai na kulirudisha Januari, hesabu inalingana. Kailo itapokea joto Januari, Februari, Machi, mwaka mzima, na hakuna atakayelitoa. Udongo unaozunguka mabomba utapanda mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka siku moja utakuwa moto kama hewa ya nje, na wewe umekwisha kulipa mashimo. Na umeme wenyewe? Klimatizeri ya ardhini inakula kuranti kama klimatizeri nyingine. Kwa nchi nzima ni watu wawili hivi kwa kumi wanaopata umeme, na ukitoka Kindu kwenda vijijini hesabu hiyo inakuwa ya kuchekesha. Tutaendesha jotoardhi kwa jenereta ya mazutu? Basi lile neno "bule" lilikuwa la nani?

Nimefika kwenye kosa kubwa la video, na hapa sitakuwa mpole. Mpaka dakika ya tisa inazungumzia mabomba ya mita chache chini ya nyumba. Halafu bila neno, muziki ni uleule, inaruka kwenye ramani ya Afrika. Bonde la Ufa linawaka nyekundu, na sauti inatangaza kwamba Kongo ndiyo ilikuwa ya kwanza Afrika kutumia jotoardhi, Kiabukwa, mwaka 1952. Watu walishangilia kwenye kundi. Bendera zilikuwa nyingi kuliko maneno.

Kiabukwa ni kweli. Ni Katanga, wakati wa Wabelgiji. Kulikuwa na chemchemi ya maji ya nyuzi 91, hayajafika hata kuchemka, na wakajenga hapo mtambo wa kama kilowati 200. Ulifanya kazi miaka michache, ukasimama, na mpaka leo umesimama. Kilowati 200 ni umeme wa klimatizeri 200 za nyumba zikiwaka pamoja, pengine pungufu. Na umeme huo ulienda wapi? Kwa kampuni ya madini. Hakuna nyumba ya mwananchi iliyopashwa joto wala kupozwa na Kiabukwa. Sisi watu wa Kailo, ambao kasiterite na volframite yetu imechimbwa na kuondoka tangu wakati wa mababu, tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza swali hilo: mtambo ulikuwa wa nani? Badala yake tunapiga makofi kwa kuwa wa kwanza kwenye kitu ambacho hakikutuhusu na ambacho kilikufa.

Zaidi ya hayo, Kiabukwa na pampu ya joto ya Montréal ni mambo mawili yasiyo na undugu, isipokuwa jina. Moja linatafuta moto wa kina unaopanda kupitia nyufa za miamba. Jingine linatumia udongo wa kawaida kama ghala la majira. Moja linahitaji jiolojia ya pekee, jingine linahitaji hali ya hewa ya pekee. Video imeyashona pamoja kwa muziki, na mtazamaji wa Kailo anatoka akiamini kwamba moto wa volkano utampoza. Nasema hivi kwa heshima ya walioifanya: hapo wameacha kufundisha, wameanza kuuza.

Ukitaka kuona moto wa kina ukitumika, nenda Kenya, na uangalie pia muda uliotumika. Huko Olkaria, karibu na ziwa Naivasha, majaribio ya kutoboa yalianza miaka ya 1950 na hayakufanikiwa. Mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwaka mwaka 1981. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, na karibu nusu ya umeme wake unatoka huko. Miaka ishirini na tano ya kukosa na kurudia, halafu arobaini ya kuongeza. Kiabukwa ilikuwa mbele kwa miaka karibu thelathini, na nani leo anakwenda kujifunza Kiabukwa?

Lakini kinachonivutia mimi Kenya ni yale madogo, ambayo ndiyo yanakaribia mada yetu ya nyumba na biashara. Eburru, watu wamekaa miaka mingi wakigandamua mvuke unaotoka ardhini ili wapate maji ya kunywa, maana mahali pale ni pakavu, na wakautumia kukausha maua ya pareto. Mabomba na mapipa tu. Naivasha, shamba la maua la Oserian lilikodi kisima cha mvuke kutoka kampuni ya umeme, na kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni lilipasha joto hekta 50 za nyumba za maua. Utashangaa: kwa nini mtu apashe joto karibu na ikweta? Kwa sababu Naivasha iko juu, kama mita 1,900, usiku ni baridi na hewa inalowa, ukungu unakula maua. Walipasha joto ili kukausha hewa. Huyo ni mtu aliyesoma ugonjwa wa mahali pake kabla ya kutafuta dawa. Menengai nako, karibu na Nakuru, wameonyesha kwa mvuke uleule namna ya kuchemsha maziwa, kufuga samaki na kufua nguo.

Ninyi mtaniambia: basi na sisi tutafute mvuke wetu. Kongo iko nao. Kaskazini mwa Kivu, Rutshuru, kuna mahali panaitwa Mai ya Moto, na jina halikutolewa kwa utani. Kusini, Katana, karibu na ziwa Kivu, kuna chemchemi za moto zinazojulikana na kila mtoto wa pale. Ila hizo ziko kwenye ufa wenyewe, kandokando ya maziwa. Sisi tuko magharibi, tumelalia miamba ya zamani iliyopoa zamani. Kwenye ardhi ya kawaida, kupata nyuzi 91 za Kiabukwa ungelazimika kutoboa zaidi ya kilomita mbili. Kwa ajili ya sali ya kusomea?

Tuache chini, tuangalie juu. Joto la sali ya Kailo linaingia kwa manjanja. Bati lililopigwa na jua la saa saba linaweza kupita nyuzi 60, na kama chini yake hakuna plafo, kila kichwa kilichokaa pale kinapokea joto hilo moja kwa moja kama mkate kwenye furu. Wote tuliosoma huku tunajua: asubuhi masomo yanaingia, baada ya saa sita hata mwalimu anasinzia. Halafu mvua inaanguka juu ya manjanja hayohayo, na hakuna anayesikia kitu, mwalimu anaandika ubaoni na kunyamaza. Jengo moja, kasoro mbili, na dawa yake ni moja: plafo. Hata ya mikeka, hata ya mianzi iliyopigwa udongo, ilimradi kuna nafasi ya hewa kati yake na bati, na matundu kwenye pembe za paa hewa moto ipate njia ya kutoka.

Waliojenga nyumba za zamani za makampuni ya bati huku Maniema walijua hivyo. Paa refu, plafo ya juu, baraza pana kuzunguka ili jua lisiguse ukuta, na matundu juu ya milango. Siwasifu, nyumba zile zilikuwa za wachache, na kambi za wafanyakazi hazikufanana nazo hata kidogo. Lakini jua halina siasa, na kilichompoza mzungu mwaka 1950 kitampoza mwanafunzi leo. Nyumba za wazee wetu za potopoto na majani ya msituni nazo zilikuwa na ubaridi wake. Nisieleweke vibaya: simwambii mtu arudi kwenye majani. Majani yanavuja, yanashika moto, yana wadudu, na kila miaka michache unapanda tena juu. Mama aliyebana makuta mwaka mzima akanunua manjanja alikuwa na akili zake. Tatizo ni kwamba alinunua bati na hakuna aliyemwambia kwamba bati na plafo vinatembea pamoja.

Na kama kweli tunataka kutumia baridi ya bule, Kailo inayo moja, ile ya usiku. Nyuzi 20 saa kumi alfajiri si mchezo. Ukuta mzito wa matofali unaipokea ukifungua madirisha usiku, na unaishikilia mpaka saa sita mchana ukiufunga na kuuwekea kivuli. Tofauti yetu iko kati ya mchana na usiku, nyuzi kumi hivi, na hiyo tunaipata kila siku bila kungojea Januari. Video inatufundisha kutafuta tofauti chini, mahali ambapo sisi hatuna. (Kwa wezi wa usiku, weka nyavu za chuma dirishani. Mbu nao mnajua dawa yake.)

Biashara ni habari nyingine, na nitaipitia haraka. Muuza samaki wa Kindu anahitaji barafu, yaani chini ya sifuri, ambako ardhi ya nyuzi 25 haiwezi kumsaidia. Santé ya kijiji inahitaji frigo ya chanjo, na frigo za jua zimekwisha kufika vijijini na zinafanya kazi. Joto tunalihitaji, tena sana: kukausha mpunga, kubanika samaki, kupika mawese, kuchoma matofali. Yote hayo leo yanakula kuni za msitu. Hapo kungekuwa na mada ya maana kwa kijana anayetafuta mada ya memwari: kikaushio cha mpunga cha jua kwa msimu wa mvua. Kwenye video, neno "kupasha joto" maana yake ni miguu ya yule mama kwenye karo.

Kuna mahali pamoja ambapo ningekaa upande wa wanaoshangilia. Kindu imelala kando ya mto. Jengo kubwa lenye kuranti ya uhakika, hospitali au hoteli, lililo karibu na ukingo, lingeweza kutupa joto la klimatizeri zake ndani ya maji ya Lualaba, kwa sababu mto haujai joto kama udongo. Maji yanakwenda, mengine yanakuja. Paris wanafanya hivyo na mto Seine, na moja ya majengo yanayopozwa hivyo ni makumbusho ya Louvre. Huo ungekuwa mradi wa maana. Ila ni wa Kindu, ni wa jengo kubwa, na unaanza na kuranti.

Mkubwa mmoja ameniandikia kwa faragha kwamba navunja moyo wa vijana, kwamba hata simu zilipoanza kulikuwa na wasomi waliosema hazitafika Kailo. Mkubwa, nakuheshimu, lakini simu ilifika kwa sababu mawimbi ya redio ni yaleyale Montréal na Kailo. Udongo sio uleule. Na kijana aliyeambiwa ukweli kuhusu udongo wake hakuvunjwa moyo, amepewa kazi.

Kazi yenyewe hii hapa, kwa anayetaka kunibishia kwa namba. Kailo kuna visima. Chukua kipimajoto cha kawaida, kifunge kwenye kamba pamoja na jiwe, kiingize ndani ya chupa ndogo iliyojaa maji na kuzibwa ili namba isibadilike wakati wa kupandisha. Kishushe mpaka chini, kiache nusu saa, kipandishe, soma haraka, andika. Fanya hivyo mwezi huu, rudia Julai, na siku hizohizo pima hewa saa tisa mchana na saa kumi na moja alfajiri. Ukileta nyuzi 18 kutoka chini ya kisima cha Kailo, mimi mwenyewe nitarudisha ule mstari kwenye dosie. Kwa sasa naomba kamati iufute kabla ya mkutano wa Jumamosi, na mahali pake iandike: plafo, baraza la mita mbili pande zote, matundu ya hewa chini ya paa. Vipimo vya mbao nimekwisha kumpa katibu.